Nauli ya Kwenda Doldol

Mtu akitaka kuombaomba mjini Nyeri na hajui pa kuanzia, wenzake humwelekeza steji ya magari ya Nanyuki, kibanda cha tiketi, dirisha la pili, kwa mama mwenye kofia ya sufu. Huyo ni Wamucii, Mama Kagure. Kwa miaka kumi na minne amekaa dirishani hapo akikata tiketi kwa mkono wa kulia na kudanganywa kwa mkono wa kushoto.

Si kwamba ni mjinga. Noti bandia huijua kabla haijafika mezani. Akikutazama tu anajua kama mzigo wako una kuku ndani, na kama safari yako ya Naro Moru ni ya mazishi au ya kuposa. Lakini mtu akiinamisha kichwa dirishani na kusema, "Mum, nisaidie," akili yote humtoka, na mkono unakuwa umeshaingia mfukoni bila kumwomba ruhusa.

Alimpa mama mwenye mapacha, ambao kwa miaka minne hawakuota hata jino moja. Alimpa mzee mwenye karatasi ya daktari iliyofubaa mpaka jina la dawa likafutika, ikabaki tu sahihi. Alimpa kijana aliyempoteza baba yake mwezi wa pili, akampoteza tena mwezi wa tano, na mwezi wa nane akaja kuomba mchango wa kumzika mara ya tatu. Hapo hata Wamucii alimwambia baba huyo apumzishwe sasa.

Aliyefurahia haya yote ni Simiyu, askari wa steji, mtu wa Bungoma mwenye tumbo la kuheshimika na rungu ambalo halijawahi kumgusa kiumbe. Kila Wamucii alipotoa sarafu, Simiyu aliinua kofia kama anayepisha jeneza.

"Mama Kagure, hiyo imeenda," angesema. "Tuimbe wimbo gani?"

"Wee Simiyu, niache."

Wamucii alikuwa na shida moja ambayo hakumweleza mtu. Akimnyima mtu, chakula hakishuki. Githeri yake ya saa saba, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, ilikwama hapa kooni, akaibeba nyumbani kama alivyoileta. Akitoa, anakula vizuri, lakini anachekwa mpaka jioni. Kwa hiyo kila siku alikuwa akichagua kati ya tumbo lake na heshima yake, na mara nyingi tumbo lilishinda.

Kisha akapata dawa. Aliipata kanisani, siku walipotangaziwa kwamba anayetaka basari ya karo ya mtoto lazima alete barua ya chifu. Wamucii akaona mwanga. Huku kwetu barua ya chifu ndiyo hufungua kila mlango: ukitaka kitambulisho, barua ya chifu, ukigombania mpaka wa shamba, barua ya chifu, hata ukitaka kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, mtu wa kukuthibitisha ni chifu. Basi Jumatatu iliyofuata, kila aliyekuja kuomba nauli alipata jibu moja tamu, bila hasira.

"Nitakusaidia, baba. Niletee tu barua ya chifu wa kwenu, iko na muhuri."

Waombaji waliondoka wakikuna vichwa. Githeri ikashuka vizuri, maana hakuwa amemnyima mtu. Alikuwa anangoja barua tu. Simiyu mwenyewe alimsifu. Dereva Mugo, anayeendesha gari la saa tano, alisema huyu mama angefaa kuwa waziri. Hakuna aliyeiona kasoro ya ile sheria, na ilidumu karibu mwaka mzima.

Iliuawa na bwana mmoja aliyekuja na barua kweli, ya chifu wa upande wa Kerugoya, yenye muhuri wa zambarau na sahihi ya mbwembwe. Wamucii aliipokea kwa mikono miwili. Simiyu akaichukua, akainusa.

"Mama Kagure," akasema, "hii stampu ni ya waru."

Na kweli, karatasi ilinukia kiazi kibichi. Bwana yule alikuwa amekata kiazi katikati, akachonga nembo ya serikali kwa kisu, akachovya kwenye wino. Wamucii alimtazama, akatazama ile nembo na simba wake wawili, na kwa kuwa kazi ilikuwa safi akampa hamsini ya ufundi. Lakini siku hiyo sheria ya barua ikafa.

Akaweka nyingine: kiti, si pesa. Unataka kwenda? Nitakulipia kiti kutoka mfukoni mwangu, upande gari, uende. Hii nayo ilisafisha steji kama mvua. Mama wa mapacha, alipoonyeshwa kiti namba nne, alikumbuka kwamba amesahau kitu kwenye jiko. Bwana mmoja alikubali kupanda, kisha kabla gari halijatoka akamuuzia kiti chake abiria mwingine kwa nusu bei. Wa mwisho alikuwa msichana mwenye mimba kubwa aliyekuwa akikimbilia kujifungua kwao Naro Moru. Wamucii alimlipia kiti cha mbele. Gari liliporuka tuta la kwanza, mto wa kochi ukamdondoka msichana miguuni, mbele ya abiria kumi na mmoja na Mugo.

Steji ilicheka wiki nzima. Makanga walikuwa wakimwuliza Wamucii kama mto ulikuwa wa kiume au wa kike. Siku ya tano alitoka kwenye kibanda macho mekundu, akasema mbele ya watu wote kwamba imetosha. Hatoi tena. Si pesa, si kiti, si hata pole.

Simiyu alikuwa amengoja siku hiyo miaka kumi na minne. Alitafuta ubao, akaupaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi nyekundu: HAPA HATUPEANI. USIULIZE. Akauegemeza nyuma ya kibanda ukauke, autundike Ijumaa.

Alhamisi asubuhi akaja Doldol.

Jina lake halisi lilikuwa Harrison, lakini mjini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, mwenye koti la kijivu na bahasha kubwa ya kahawia ya eksirei, na kwa miaka mitatu alikuwa akiomba nauli ya kwenda Doldol, kule mbele ya Nanyuki kwa wafugaji. Aliiomba sokoni, akaiomba nje ya benki, akaiomba nje ya makanisa matatu ya madhehebu tofauti. Nauli aliyokwisha pewa ingemfikisha Doldol na kurudi mara mia. Watu walimcheka, wakampa, wakamcheka tena. Ila dirisha la Wamucii hakuna aliyemwona akilikaribia. Akifika upande huo wa steji, alivuka barabara.

Siku hiyo alilijia moja kwa moja. Akavua kofia.

"Mum, naomba fare ya Doldol."

Simiyu alicheka mpaka akaegemea rungu. Mugo, aliyekuwa akifuta kioo cha gari lake, akaacha kufuta.

"Wewe Doldol," akasema Wamucii, "hiyo Doldol yako imehama? Miaka tatu unaenda na hufiki?"

"Si ati nilienda nikarudi, mum. Sijawahi enda."

"Na leo ni nini?"

Harrison aligeuza kofia mikononi. "Jana nimekutana na mtu wa kwetu, ameleta mbuzi soko. Ameniambia mama yangu alikuwa anauliza kila mtu ametoka Nyeri, 'Umeona Harrison?' Kila mtu, miaka yote hiyo. Sasa anasema ameacha kuuliza."

Kule nyuma ubao mweupe ulikuwa unakauka.

"Usimsikize," akasema Simiyu, ingawa sauti ilikuwa imeshuka kidogo. "Hiyo ni story mpya. Ile ya hospitali imeisha."

"Ya hospitali ilikuwa ya ukweli," akasema Harrison. "Siku ya kwanza nilikuwa nasema ukweli. Nililetwa hapa na mguu mgonjwa, nikalazwa, nikatoka, kufika hapa steji nikapata wameniibia simu na pesa. Nikaomba fare. Nilikuja hapa kwanza, mum. Dirisha hii hii. Ukaniambia nilete barua ya chifu."

"Mimi?"

"Wewe. Ulinijibu poa sana, hata ukaniita baba. Nikatoka nikasimama pale nikifikiria." Akaelekeza kidole kwenye kona ya steji. "Chifu yangu ako Doldol, mum."

Mugo alitazama kitambaa chake cha kioo. Wamucii alihisi masikio yakimwaka moto chini ya kofia ya sufu. Mwaka mzima! Mwaka mzima alikuwa akiwatuma watu wakachukue karatasi mahali ambapo hawana nauli ya kufika, huku akila githeri yake kwa amani, na steji nzima yenye madereva na makanga na meneja mwenye diploma haikuona.

"Kwa hivyo nikaenda kuomba soko," Harrison akaendelea. "Nikawaambia vile nilikuwa nimekuambia. Mpaka jioni nilikuwa nimepata fare tatu. Nikasema nitaenda kesho. Kesho nikapata zingine. Nikasema nitaenda Jumamosi nikiwa na kitu ya kubebea mama. Ikafika mwezi, na mwezi utaielezaje nyumbani? Ikafika mwaka. Sasa ni hivyo."

"Nikupee pesa ngapi?" Wamucii akauliza, na alikuwa ameshasahau kiapo chake.

"Usinipee pesa. Pesa nikishika, najijua. Nipee kiti."

Hakuna mwombaji aliyewahi kusema hivyo katika historia ya steji ile. Wamucii alichomoa noti zake mwenyewe kwenye leso, akakata tiketi, kiti namba saba, gari la saa tano la Mugo. Akamwambia kwamba akifika Nanyuki amtafute Beverlyne, wa kukata tiketi upande ule, yeye ndiye atakayempandisha gari la Doldol.

Simiyu alikuja na ubao wake kwapani. "Mama Kagure, tusikizane. Huyu atashuka Chaka, hapo mbele tu. Akishuka, natundika hii leo, sitangoja kesho. Na ukae chini yake usinung'unike."

"Na akifika?"

"Akifika Doldol, Doldol yenyewe, si Nanyuki, hii mbao nitaipasua nikuchemshie chai nayo."

"Sawa," akasema Wamucii. Alisema kichwa kikiwa juu, lakini moyoni alijua kwamba akidanganywa na huyu pia, hatampa mtu tena kitu maishani, hata maji. Na aliogopa kuwa mtu wa namna hiyo. Alimfahamu mmoja, shangazi yake wa Murang'a, na hakuna aliyependa kula kwake.

Gari likaondoka. Dakika ishirini baadaye simu ikalia.

"Mama Kagure," ilikuwa sauti ya Mugo, "ameshuka Chaka."

"Ameshuka vipi?"

"Ameshuka tu. Akaniambia nimngoje dakika moja, akavuka barabara, akaingia katikati ya watu. Nimengoja tano. Niko na abiria, siwezi."

Wamucii akaweka simu chini. Simiyu hakuhitaji kuambiwa. Aliusoma uso wake, akaenda kuleta nyundo. Lazima tuseme ukweli wake pia: alipigilia misumari polepole, na hakucheka. HAPA HATUPEANI. USIULIZE. Wamucii alikaa chini ya ubao, akakata tiketi, akarudisha chenji. Githeri hakuifungua. Alikuwa na uchungu, na uchungu wenyewe haukuwa wa zile pesa. Ni kwamba alikuwa amemwamini neno kwa neno, hasa lile la mama aliyeacha kuuliza.

Saa tisa na nusu simu ikalia tena. Beverlyne, kutoka Nanyuki.

"Mum, kuna mtu hapa anasema umemtuma. Ako na sukari kilo mbili, majani chai, mikate tatu na leso ya mama. Nimwambie nini?"

"Amefikaje huko?"

"Anasema alishuka Chaka kununua, ati hawezi ingia kwao mikono mitupu baada ya miaka tatu. Pesa yake yote akamalizia hapo. Kuangalia, gari imemwacha. Sasa akaomba watu wa Chaka fare."

Wamucii alicheka mpaka abiria waliokuwa foleni wakaangaliana. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, yule mtu alikuwa ameomba nauli ya kwenda Doldol akaitumia kwenda Doldol! Akamtumia Beverlyne pesa za kiti kwa simu, akamsisitiza: "Mpee kiti. Usimpee pesa, hata akilia."

Akamwita Simiyu. Simiyu alisikiliza habari zote, akazitafakari, akaangalia ubao wake.

"Nanyuki si Doldol," akasema. "Tulisikizana."

Ikawa hivyo. Ubao ukabaki. Wiki ya kwanza ikapita bila habari, ya pili ikapita. Harrison hakuwa na simu, na Beverlyne alijua tu kwamba gari la jioni lilimchukua. Sokoni watu waliulizana Doldol ameenda wapi. Wengine walisema amehamia Karatina ambako hawajamzoea. Wamucii alitetea, kisha akachoka kutetea. Siku moja bibi kizee alifika dirishani, akafungua mdomo aombe, akainua macho akausoma ubao polepole, herufi kwa herufi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Sikuwa nimeona." Akaenda zake.

Wamucii alitoka mbio kumfuata, lakini hadi aufungue mlango wa kibanda, wenye komeo la kijinga ambalo meneja ameahidi kulirekebisha tangu mwaka juzi, bibi alikuwa ameshapotea. Siku hiyo alimrukia Simiyu kwa maneno ambayo muumini wa kanisa lake hapaswi kuyajua. Simiyu aliinamisha kichwa, akayapokea yote. Ubao hakuutoa, lakini kuanzia siku hiyo alikuwa anasimama mbele yake, shingo juu, kwa namna ambayo kofia yake iliziba yale maneno karibu yote.

Wiki ya tatu, Jumanne, Mugo alirudi kutoka Nanyuki akiwa na bahasha ya kahawia. Ile ile ya eksirei. Alipewa na Beverlyne, aliyepewa na dereva wa Doldol, aliyepewa na mtu mrefu mwenye koti la kijivu. Juu yake paliandikwa: Dirisha la pili.

Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa. Wamucii aliisoma kwa sauti, maana Simiyu na Mugo walikuwa wameshabanana mlangoni.

"Kwa yeyote anayehusika. Nathibitisha kwamba Harrison Mosiany ni mzaliwa na mkazi wa lokesheni yangu, na ninamfahamu vizuri. Ameniomba niandike kwamba alifika nyumbani siku ya Alhamisi, saa mbili usiku, na kwamba mama yake alimjua kwa kikohozi kabla hajabisha hodi. Anasema barua hii ilihitajika miaka mitatu iliyopita na anaomba radhi kwa kuchelewa. Tafadhali mwenye barua hii apewe usaidizi wowote unaohitajika."

Chini palikuwa na sahihi ya chifu, na muhuri wa zambarau.

Simiyu akanyoosha mkono. "Hebu lete." Akauweka muhuri puani, akanusa. Akanusa tena kwa makini, macho yamefumbwa.

"Si waru," akasema.

Wamucii akaichukua, akainusa naye. Ilinukia moshi wa kuni, kama karatasi iliyolala siku kadhaa katika nyumba ambamo mtu anachemshia wageni chai. Akarudi kwenye ule mstari wa kuomba radhi, akausoma peke yake bila sauti, machozi yakamtoka, akayaacha yashuke.

"Yeye ndiye anaomba radhi," akasema. "Skia hiyo. Yeye."

Simiyu alikuwa ameshaenda kutafuta nyundo, na punde ikasikika misumari ikilia ubaoni, mmoja mmoja, kisha mbao zikipasuka. Chai ya siku hiyo ilinukia rangi kidogo, lakini hakuna aliyelalamika.

Walikuwa hawajaimaliza mtu alipoinamisha kichwa dirishani. Mtu wa makamo, viatu vina vumbi, mfuko wa plastiki mkononi.

"Mum, nisaidie. Nilikuwa nimekuja kuangalia mgonjwa, nimeibiwa kila kitu. Naomba tu fare ya Naro Moru."

Mugo akatazama juu. Simiyu akaweka kikombe chini, akamsogelea Wamucii sikioni.

"Mama Kagure, huyu unamjua?"

"Sijawahi kumwona."

"Sasa utajuaje kama ni ukweli?"

"Sitajua," akasema Wamucii, huku akifungua kitabu cha tiketi. "Lakini kama sijawahi kumwona, labda leo ni siku yake ya kwanza."

Akaandika kiti namba saba, akachana, akampa.